Maswali ya Wasomaji: Hukumu Ikishasomwa, Nani Anaitekeleza?

Barua za safari hii zimeangukia uwanja mmoja: kesi na sheria zinazotajwa kila historia ya Marekani inaposimuliwa. Wengi mlioandika mnajua majina na miaka. Kinachowatatiza ni yale yaliyotokea baada ya majaji kunyanyuka vitini. Tunaanza na swali lililoletwa na wengi zaidi.

SWALI: Wahariri, salaam. Mwanangu amefundishwa kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku utengano wa rangi shuleni mwaka 1954. Lakini kitabu hichohicho kina picha ya wanafunzi weusi wakisindikizwa na wanajeshi mwaka 1957, tena kinasema kaunti moja ilifunga shule zake zote hadi 1964. Nimwambie lipi ni kweli?

JIBU: Yote ni kweli, mzazi mwenzetu. Hukumu ya 1954 ilivunja kanuni, lakini haikutoa amri yoyote.

Kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka iliamuliwa tarehe 17 Mei 1954 kwa kura 9 kwa 0, hukumu ikaandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Ndani yake mlikuwa na mashauri ya majimbo 4: Kansas, South Carolina, Virginia na Delaware. Shauri la tano, la mji mkuu Washington, liliamuliwa siku hiyohiyo kwa hukumu ya peke yake. Sababu ni kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayodai usawa mbele ya sheria, yanayafunga majimbo, na Washington si jimbo. Ikabidi majaji waegemee Marekebisho ya 5, yanayoifunga serikali ya shirikisho. Kanuni iliyovunjwa ni ile ya kesi ya Plessy ya 1896, iliyoruhusu weusi watengwe alimradi wapewe huduma zinazolingana na za weupe.

Siku ile hakuna shule hata moja iliyoamriwa kufungua milango. Mawakili waliambiwa warudi waeleze utekelezaji uweje, na hukumu ya pili ikatoka tarehe 31 Mei 1955. Hiyo ya pili wengi hawaisomi, na ndiyo iliyoharibu mambo. Mashauri yalirudishwa kwenye mahakama za chini yasimamiwe na majaji wa hukohuko, na shule zikatakiwa zibadilike "kwa kasi yote yenye busara". Tarehe ya mwisho haikuwekwa, wala kipimo cha kuonyesha kwamba wilaya imetii. Kazi ya kushtaki iliachiwa wazazi, wilaya ya shule moja baada ya nyingine. Mzazi aliyeweka jina lake kwenye hati ya mashtaka alijua riziki yake iko hatarini: katika shauri la South Carolina, mdai ambaye jina lake ndilo lililoibeba kesi alipoteza kazi, na mkewe pia.

Waliokataa kutii waliutumia upenyo huo ipasavyo. Mwaka 1957, gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari wa akiba wa jimbo wawazuie wanafunzi 9 weusi wasiingie Central High School mjini Little Rock. Tarehe 24 Septemba Rais Eisenhower akatuma askari wa Divisheni ya 101 ya jeshi la shirikisho, na hiyo ndiyo picha ya mwanao. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Cooper dhidi ya Aaron, majaji wote 9 walitia majina yao mmoja mmoja kwenye hukumu moja, jambo lisilo la kawaida, kusisitiza kwamba hakuna gavana aliye juu ya tafsiri yao ya Katiba. Kaunti iliyofunga shule ni Prince Edward, Virginia. Kuanzia 1959 iliacha kabisa kugharimia shule za umma, na watoto weupe wakahamia shule binafsi zilizosaidiwa kwa ruzuku za karo. Watoto wengi weusi walikaa miaka mitano bila shule yoyote, mpaka hukumu ya Griffin ya 1964 ilipokomesha mchezo huo. Kizazi kile hakikurudishiwa miaka yake.

Sasa tazama hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 1963–64, miaka kumi baada ya Brown, ni kiasi cha asilimia 1.2 tu ya watoto weusi wa majimbo 11 yaliyowahi kujitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliokuwa wakisoma pamoja na weupe. Mambo yalianza kwenda kasi pale fedha zilipoingia. Sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliruhusu serikali ya shirikisho kuinyima fedha taasisi inayobagua, na Sehemu ya IV ikamruhusu Mwanasheria Mkuu kufungua kesi za shule, mzigo ukapungua mabegani mwa wazazi. Mwanzoni tishio la kunyimwa fedha lilikuwa dogo, kwa kuwa fedha zenyewe zilikuwa chache. Tarehe 11 Aprili 1965 ikasainiwa sheria ya elimu ya msingi na sekondari iliyoleta kiasi cha dola bilioni 1 kwa mwaka. Hapo wilaya maskini za Kusini zikawa na kitu cha kupoteza.

Hata hivyo zilibuni ujanja wa "uhuru wa kuchagua": kila mtoto ajiandikie shule aitakayo. Kaunti ya New Kent, Virginia, iliutumia kwa miaka mitatu. Hakuna hata mtoto mmoja mweupe aliyechagua shule ya weusi, na asilimia 85 ya watoto weusi walibaki walipokuwa. Tarehe 27 Mei 1968, katika kesi ya Green, Mahakama ilisema mpango hupimwa kwa matokeo yake, na kazi ya kuondoa mfumo wa shule mbili ni ya bodi ya shule yenyewe. Mzazi na mtoto hawapaswi kubebeshwa. Mwaka 1969, katika kesi ya Alexander iliyotoka Mississippi, ile "kasi yenye busara" ikazikwa rasmi: mifumo ya shule mbili ikomeshwe mara moja. Kwa hiyo mpe mwanao miaka minne ya kukumbuka: 1954 kanuni, 1964 fedha, 1968 kipimo, 1969 tarehe.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Katika vitabu naona alama kama "347 U.S. 483" na "Pub. L. 88-352". Zinasomwaje?

JIBU: Marahaba. Ya kwanza ni anwani ya hukumu: juzuu ya 347 ya mkusanyo rasmi wa Mahakama ya Juu, na hukumu inaanzia ukurasa wa 483. Ikiandikwa "347 U.S. 483, 495", namba ya mwisho ni ukurasa wenye maneno yaliyonukuliwa. Hapo 495 ndipo Brown inaposema kwamba shule zilizotengwa hazina usawa kwa asili yake. Herufi "U.S." ni za Mahakama ya Juu peke yake, ukiona "F.2d" au "F.3d" uko mahakama za rufaa za shirikisho, na "F. Supp." ni za wilaya. Hukumu za kabla ya 1875 huongezewa jina la mtu aliyekuwa akizichapisha, ndiyo maana Marbury ina neno Cranch katikati na Dred Scott ina How., kifupi cha Howard.

Ya pili ni anwani ya sheria: sheria ya umma ya 352 ya Bunge la 88, yaani ileile Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kila Bunge hudumu miaka miwili. Hapa wanafunzi huteleza. Sheria hiyo ya 1964 ina sehemu 11 zenye namba zake, lakini ilipoingizwa katika mkusanyo mkuu wa sheria za nchi, Sehemu ya VII, inayohusu ajira, ilikaa kwenye juzuu ya 42, kifungu cha 2000e. "Sehemu ya VII" na "juzuu ya 7" ni vitu viwili visivyohusiana kabisa.

Tahadhari mbili unaposoma hukumu yenyewe. Muhtasari ulio mwanzoni huandaliwa na ofisi ya mahakama; si hukumu, usiunukuu kama hukumu. Kisha hakikisha anayeandika ni nani. Yale maneno maarufu ya kesi ya Plessy ya 1896 kwamba Katiba haijui rangi ni ya Jaji John Marshall Harlan, aliyepinga peke yake. Tunakutana mara nyingi na insha zinazoyataja kama uamuzi wa Mahakama, ilhali Mahakama iliamua kinyume chake kwa kura 7 kwa 1.

SWALI: William Marbury alishinda hoja mbili kati ya tatu, akaondoka mikono mitupu. Ni kesi gani hiyo, na kwa nini inasifiwa?

JIBU: Marbury aliteuliwa na Rais John Adams, utawala ukielekea ukingoni, awe hakimu wa amani katika wilaya ya mji mkuu. Hati yake ilisainiwa ikatiwa muhuri, lakini haikumfikia kabla Thomas Jefferson hajaapishwa Machi 1801. Waziri mpya wa Mambo ya Nje, James Madison, akaizuia. Aliyekuwa waziri wakati hati ilipotiwa muhuri ni John Marshall, na ni Marshall huyohuyo aliyekuwa Jaji Mkuu kesi ilipofika. Leo jaji wa namna hiyo angetarajiwa ajitoe.

Hukumu ya tarehe 24 Februari 1803 inajibu maswali matatu kwa mpangilio. Je, Marbury ana haki ya hati? Ndiyo, uteuzi hukamilika kwa saini na muhuri, kuipeleka ni kazi ya tarishi. Je, sheria ina dawa kwa aliyenyimwa haki yake? Ndiyo. Je, Mahakama ya Juu yaweza kumwamuru Madison? Hapana. Marbury alikuwa amebisha mlango usio wake. Alifungua kesi moja kwa moja Mahakama ya Juu kwa kutegemea kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya 1789, ilhali Ibara ya III ya Katiba inataja mashauri yanayoweza kuanzia hapo: ya mabalozi, mawaziri wa kigeni na makonseli, na yale ambayo jimbo ni upande mmojawapo. Bunge haliwezi kuongeza orodha hiyo kwa sheria ya kawaida. Kifungu kikagongana na Katiba, kikaanguka.

Uzuri wa hesabu ya Marshall ni huu. Angemwamuru Madison atoe hati, Madison angeipuuza, na Mahakama haikuwa na askari wala fedha za kumlazimisha. Badala yake alichukua mamlaka makubwa zaidi, ya kubatilisha sheria ya Bunge, ndani ya hukumu isiyohitaji mtu yeyote kutii chochote. Marbury hakupata kazi ile. Na mamlaka yale hayakutumika tena dhidi ya sheria ya Bunge hadi 1857, yalipotumiwa vibaya kupita maelezo, katika kesi ya Dred Scott iliyomnyima mtu mweusi uraia.

SWALI: Nimesoma hukumu ya moteli ya Atlanta, 1964, nikashangaa. Majaji wanahesabu vyumba na mabango ya matangazo badala ya kuzungumzia utu wa mtu mweusi aliyenyimwa kitanda. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu njia ya utu ilikuwa imezibwa tangu 1883. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1875 ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba za wageni, kumbi za maonyesho na vyombo vya usafiri. Katika Kesi za Haki za Kiraia za 1883, Mahakama iliifuta kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 yanakataza ubaguzi wa jimbo, na mwenye hoteli si jimbo. Walioandika sheria ya 1964 wangeweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe, lakini wangeiweka sheria nzima rehani. Wakatafuta mlango wa pili: mamlaka ya Bunge kusimamia biashara baina ya majimbo.

Ndiyo maana Sehemu ya II ya sheria hiyo imejengwa kwa vipimo vya biashara. Hoteli inabanwa ikiwa inapokea wasafiri. Mgahawa ikiwa unahudumia wasafiri wa majimbo mengine au sehemu kubwa ya chakula chake imesafiri kutoka nje ya jimbo. Imesamehewa nyumba yenye vyumba visivyozidi 5 vya kupangisha ambayo mwenyewe anaishi humohumo, na klabu za kweli za binafsi.

Moteli ya Heart of Atlanta ilikuwa na vyumba 216, jirani na barabara kuu mbili za kitaifa, ikitangaza katika magazeti ya nchi nzima na kwenye mabango zaidi ya 50 ndani ya Georgia. Kiasi cha asilimia 75 ya wageni wake walitoka nje ya jimbo. Hesabu uliyoiona ukavu ndiyo ushahidi wenyewe. Kesi pacha, ya mgahawa wa Ollie's wa Birmingham, Alabama, ilikuwa ngumu zaidi maana wateja wake walikuwa watu wa pale pale. Ila ndani ya miezi 12 ulinunua chakula cha kiasi cha dola 150,000, na kati yake nyama ya dola 69,683 ilitoka kwa mchuuzi wa mjini aliyeipata nje ya jimbo. Ilitosha. Kesi zote mbili ziliamuliwa tarehe 14 Desemba 1964 bila jaji wa kupinga, miezi mitano na ushei tangu Rais Johnson aisaini sheria tarehe 2 Julai.

Uchungu wako una wenzake: Majaji Douglas na Goldberg waliandika maoni yao ya ziada wakitaka utu na Marekebisho ya 14 yatajwe waziwazi. Sisi tunaona walikuwa na haki ya kusema hivyo, na walioandika sheria walikuwa na haki ya kutobahatisha. Seneti ilikuwa imekwamishwa kwa wiki nyingi na maseneta wa Kusini waliorefusha mjadala ili kura isipigwe. Kuufunga kulihitaji kura 67. Tarehe 10 Juni zilipatikana 71. Muswada uliopatikana kwa jasho hilo haukustahili kusimamishwa juu ya mguu mmoja.

Kuna udhaifu mmoja usiosemwa sana. Aliyebaguliwa chini ya Sehemu ya II hupata amri ya kukomesha ubaguzi na ada za wakili, lakini halipwi fidia. Wenye kutaka fidia imebidi watafute sheria nyingine.

SWALI: Je, ni kweli kwamba polisi wa Marekani akisahau kumsomea mtu haki zake, kesi inakufa na mtu anaachiwa?

JIBU: Si kweli, na imani hiyo inawaumiza watu. Kesi ya Miranda dhidi ya Arizona, ya tarehe 13 Juni 1966, kura 5 kwa 4, inahusu maneno ya mtuhumiwa tu. Masharti mawili yakutane: awe ameshikiliwa, na awe anahojiwa. Hapo aambiwe mambo manne: kwamba anaweza kunyamaza; kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake; kwamba ana haki ya kuwa na wakili wakati wa mahojiano; na kwamba asiyeweza kumlipa wakili atapewa mmoja.

Wasipomwambia, maelezo aliyotoa hayatumiki kama ushahidi wa kumtia hatiani. Kukamatwa kwake hakubatiliki. Kitu kilichopatikana kutokana na maelezo aliyotoa kwa hiari, mfano bastola, kinaweza kutumika, kwa mujibu wa kesi ya Patane ya 2004. Maelezo yenyewe yanaweza kurudishwa mahakamani kumuumbua akipanda kizimbani na kusema tofauti. Hiyo ni kesi ya Harris, 1971. Pakiwa na hatari ya papo kwa papo kwa umma, polisi anaweza kuuliza kwanza, kesi ya Quarles, 1984. Na tangu 2022, katika kesi ya Vega, kukosa onyo peke yake hakumpi mtu haki ya kumdai polisi fidia.

Kosa kubwa la watuhumiwa ni kuzungumza kwa mashaka. Mwaka 1994 Mahakama iliamua kwamba kusema "labda nizungumze na wakili" hakutoshi kusimamisha mahojiano. Mwaka 2010, katika kesi ya Berghuis, mtu alikaa kimya karibu saa tatu, kisha akajibu maswali machache kwa neno moja moja. Ukimya wake haukuhesabiwa kuwa ameitumia haki ya kunyamaza. Inabidi aseme kwa kauli kamili: sitazungumza, nataka wakili. Inashangaza, lakini haki ya kunyamaza nchini humo huanza kwa kufungua mdomo.

Ernesto Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila maelezo yale, akatiwa hatiani tena kwa ushahidi mwingine, na kufungwa miaka 20 hadi 30.

SWALI: Mfungwa asiye na fedha anafikishaje shauri mahakama ya juu kabisa? Nimesikia mmoja alitumia penseli.

JIBU: Huyo ni Clarence Earl Gideon. Alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City, Florida, Juni 1961. Aliomba wakili; hakimu akamjibu kwamba Florida hutoa wakili wa bure kwa makosa ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akapewa miaka 5. Mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia, naye akaandika ombi kwa penseli kwenye karatasi za gereza.

Utaratibu hadi leo uko hivi. Lazima uwe umefika mwisho wa ngazi za jimbo, na shauri libebe swali la sheria ya shirikisho au Katiba. Ombi lipelekwe ndani ya siku 90 tangu hukumu ya mwisho. Mwenye uwezo hulipa dola 300 na kuwasilisha nakala 40 za kijitabu chenye vipimo maalumu. Fukara huomba asamehewe ada, na mfungwa asiye na wakili hutuma nakala moja. Majaji 4 kati ya 9 wakikubali, shauri linasikilizwa. Maelfu huomba kila mwaka. Yanayosikilizwa kikamilifu ni kiasi cha 60. Kukataliwa hakumaanishi kwamba mahakama ya chini imesifiwa, kosa ambalo hata magazeti makubwa hulifanya.

Gideon alipewa Abe Fortas, mmoja wa mawakili hodari wa Washington, na tarehe 18 Machi 1963 akashinda kwa kura 9 kwa 0. Jaji Hugo Black aliyeandika hukumu ndiye aliyepinga mwaka 1942 Mahakama ilipoamua kinyume. Agosti hiyo kesi ilirudiwa Florida, safari hii Gideon akiwa na wakili wa hapo mjini aliyewajua mashahidi, na juri ikamwachia baada ya saa moja hivi. Mashtaka yalikuwa yaleyale.

Hukumu ilihusu makosa makubwa ya jinai. Mwaka 1972 ikapanuliwa, na msimamo uliotulia ni kwamba hakuna kifungo halisi bila mtu kupewa nafasi ya wakili. Haigusi kesi nyingi za madai, wala mashauri ya kufukuzwa nchini, ambako mhamiaji anaruhusiwa wakili kwa gharama zake mwenyewe. Na jambo lililoachwa wazi ni nani alipe. Majimbo mengine yana ofisi za mawakili wa umma, mengine yamezisukumia kaunti, na wakili mwenye majalada mengi kupita kiasi hukutana na mteja wake dakika chache kabla ya kusimama mbele ya jaji.

SWALI: Mahakama ya Juu ikikosea, nani anairekebisha?

JIBU: Inategemea ilikuwa ikitafsiri nini. Ikitafsiri sheria ya kawaida, Bunge linaweza kuiandika upya. Lilly Ledbetter alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama. Mwishoni alikuwa akilipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wote katika nafasi ileile alipata 4,286. Mwaka 2007 Mahakama, kwa kura 5 kwa 4, ilisema alichelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu mshahara ulipopangwa, hata kama hakujua wenzake walilipwa ngapi. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akalielekezea Bunge kidole. Tarehe 29 Januari 2009 Rais Obama akasaini sheria inayohesabu siku upya kila malipo yenye ubaguzi yanapotolewa. Ledbetter mwenyewe hakupata senti kutokana nayo. Kesi yake ilikuwa imekwisha.

Ikitafsiri Katiba, njia ni mbili: Mahakama ijitengue, kama Brown ilivyomaliza Plessy, au Katiba ibadilishwe kwa theluthi mbili za kila nyumba ya Bunge na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Hukumu ya Dred Scott, iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia, ilihitaji vita, Marekebisho ya 13 ya 1865 na ya 14 ya 1868. Sentensi ya kwanza ya Marekebisho ya 14 ni jibu la moja kwa moja kwa Jaji Mkuu Taney, aliyeiandika hukumu hiyo. Mara nyingine mambo huenda mbio. Desemba 1970 Mahakama iliamua kwamba Bunge linaweza kuwapa kura wenye miaka 18 katika uchaguzi wa kitaifa lakini si wa majimbo. Maofisa wakaona mbele yao madaftari mawili ya wapiga kura. Marekebisho ya 26 yalitoka bungeni tarehe 23 Machi 1971, na kufikia tarehe 1 Julai yalikuwa yamepata majimbo ya kutosha: siku 100.

Kuna hukumu za aina ya tatu, zinazoacha mlango nusu wazi. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliyataka maeneo yenye historia ya ubaguzi yapate kibali Washington kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi. Kifungu cha 5 kiliweka sharti. Kifungu cha 4 kilieleza kipimo cha kujua maeneo yapi. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya Kaunti ya Shelby, kura 5 kwa 4, Mahakama iliangusha kipimo kwa sababu kilitegemea takwimu za miaka ya 1960 na 1970. Kifungu cha 5 hakikuguswa. Kimo kitabuni mpaka leo, ila hakina pa kuuma. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kwamba itaanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, iliyokuwa imenyimwa kibali. Majaji walisema Bunge lina ruhusa ya kuandika kipimo kipya. Muswada wa kufanya hivyo ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2019, ukapita tena 2021. Mara zote mbili ulikwama Seneti.